Kipande Namba 143

1

Jumanne ile Dokta Sekela Mwaikenda alipiga kelele maabarani hadi mlinzi akaja mbio na rungu mkononi.

"Nyoka yuko wapi?"

"Si nyoka, ni protini!"

Mlinzi aliinama akachungulia chini ya meza hata hivyo, kisha akarudi getini akitikisa kichwa. Sekela alibaki anacheka peke yake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye mwili wa kujaa na sauti isiyojua kunong'ona, na siku hii alikuwa ameingoja kwa miaka mitatu.

Mwaka ulikuwa 2069. Kiwanda cha zamani cha chai pale Tukuyu kilikuwa kimegeuzwa maabara, na katika ukumbi uliokuwa ukikaushiwa majani ilikaa mashine waliyoiita Chekeche. Msaidizi wake, Bupe, alikuwa akichukua kipande cha nta kisichozidi kete ya bao, chenye uvimbe wa mwanamke ndani yake, anakichana utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anaiyeyusha nta, kisha anautia vimeng'enya vya kuzikatakata protini. Chekeche ilivirusha vijipande hivyo ndani ya bomba lisilo na hewa na kuvipima uzito kimoja kimoja vikiwa vinapaa. Kwa uzito huo ilijua ni protini ipi na ipo kiasi gani. Ilisoma protini elfu tisa kutoka utando ambao ungeupulizia pumzi ukapotea.

Vipande vilikuwa mia mbili na kumi na vinne. Vilitolewa na wanawake wa Rungwe waliougua saratani ya ovari kati ya mwaka 2041 na 2044. Kwa muda mrefu madaktari walikuwa wameigawa saratani hiyo mafungu matano, na fungu moja, serasi ya daraja la juu, ndilo lililoua wengi kuliko mengine yote. Chini ya hadubini, uvimbe wote wa fungu hilo ulifanana kama mapacha. Chekeche ilipouchungulia ndani ikakuta tisa miongoni mwao si mapacha hata kidogo. Wale tisa hawakuwa na protini moja ambayo Sekela na Bupe waliipa jina la Bawabu, kwa kuwa kazi yake ni kusimama mlangoni mwa seli na kuizuia isijigawe ikiwa imeharibika.

Kilichomfanya Sekela apige kelele ni hiki: saratani isiyo na Bawabu haina haraka. Hukaa miaka saba au minane ikiwa mbegu ndogo kwenye ncha ya mirija ya uzazi kabla ya kuota. Na vidonge vya kuziua seli zisizo na Bawabu vilikuwepo tayari. Vilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya kongosho na viliuzwa katika kila duka la dawa. Ugonjwa ambao wanawake wale tisa waliambiwa hauna tiba ungeweza kuzuiwa kwa vidonge vya miezi sita, mradi ugunduliwe mapema.

Alifungua ukurasa wa pili wa majibu, bado anachekacheka, na hapo kicheko kikamkauka.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, Chekeche ilionjeshwa tone la damu la Sekela na tone la Bupe ili ijipime kama iko sawa. Hakuna aliyewaza kwamba mashine ile ingeyalinganisha matone hayo na vipande vya nta. Lakini ilikuwa imefanya hivyo, na chini kabisa ikaandika mstari mmoja:

Kipande 143 na Tone la pili: mama na mtoto. Bawabu wa Tone la pili: nusu.

Tone la pili lilikuwa la Bupe, na nusu maana yake amerithi upungufu uleule.

Sekela alikaa chini. Bupe alikuwa na miaka ishirini na tisa, na muda huo alikuwa kwa fundi akipimwa gauni, kwa sababu baada ya wiki tatu alikuwa anaolewa na Gwakisa. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitatu. Siku zote alisema mama yake aliuawa na homa ya mapafu, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Mlangoni mwa ukumbi ilitundikwa Ahadi. Sekela aliijua kwa moyo, lakini alisimama akaisoma upya. Miaka michache kabla ya vipande kutolewa, orodha ya wagonjwa ilikuwa imevuja mahali fulani. Bima zikawakataa watoto wao. Posa zikarudishwa. Kwa hiyo wanawake wale mia mbili na kumi na wanne walipoombwa vipande vya uvimbe wao, walitoa kwa sharti: majina yao yasijulikane, hata na watoto wao, hata baada ya kufa. Kifungu cha mwisho kilikuwa kifupi. Mtu wa maabara akimtaja mwenye kipande kwa mtu yeyote, vipande vyote vichomwe moto siku hiyohiyo.

2

Aliyekabidhiwa kuilinda Ahadi aliitwa Bibi Atuganile. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mmoja wa wachache waliopona katika wale mia mbili na kumi na wanne, na zamani alikuwa mwamuzi wa netiboli aliyejulikana mkoa mzima. Alikuwa bado hajaacha. Sekela alimkuta asubuhi ya Jumatano kwenye uwanja wa shule, kipenga shingoni, akiwafokea wasichana wa kidato cha tatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ngoja kwanza. Wewe mrefu! Mpira ukiushika, miguu iote mizizi! Haya, Dokta, sema."

"Bibi, tuseme kuna mashine. Kwa mfano tu."

"Tuseme."

"Mashine hiyo inaonjeshwa damu ya wafanyakazi kila asubuhi. Halafu siku moja, kwa mfano, inasema tone mojawapo ni la mtoto wa mwenye kipande."

Bibi Atuganile aliacha kuutazama mpira. "Tone lako?"

"Bibi, siwezi kujibu hilo."

"Basi si lako. Na mle ndani mko wawili tu."

Sekela aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Bibi Atuganile aligeuza uso akautazama mlima Rungwe, muda mrefu, kama mtu anayehesabu mawingu.

"Mimi sikusikia kitu," alisema hatimaye. "Kulikuwa na upepo. Lakini Dokta, usiniletee tena kwa mfano zako. Nikisikia mara ya pili nitapuliza."

"Bibi, huyo mtu anaweza kupona kabla hajaugua. Vidonge tu. Nikinyamaza, baada ya miaka kumi nitamzika."

"Ukisema, nachoma." Bibi hakupandisha sauti. "Unadhani sijui ninachokisema? Ugonjwa wangu ulipojulikana, posa ya binti yangu ilirudishwa kwa barua ya mistari miwili. Hakuolewa mpaka leo. Wanawake wale walinipa neno lao nami nikawapa langu. Nikilivunja kwa ajili ya mtu mmoja unayempenda, kesho nani atakupa kipande chake? Na wasipokupa, utagundua nini?"

Sekela alichukia kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli.

"Njia moja ipo," Bibi aliendelea. "Mtu akiuliza mwenyewe habari za damu yake, ni haki yake, mnampa. Asipouliza, mnafunga midomo." Akapuliza kipenga, kikalia hadi ndege wakaruka. "Faulo! Umemkanyaga!"

3

Kwa hiyo Sekela alianza kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: kumfanya Bupe aulize swali bila kumwambia aulize.

Jumatano mchana alibandika tangazo juu ya sinki: KILA MTU ANA HAKI YA KUULIZA DAMU YAKE INA NINI. Aliporudi kutoka kula akakuta Bupe amesahihisha kwa kalamu nyekundu. "Damu haiulizwi, Dokta. Inapimwa."

Alhamisi alisimulia, bila kuulizwa, kisa kirefu cha mwanamke wa Makete aliyeuliza habari za damu yake akaokoka. Bupe alisikiliza huku akichana utando, kisha akasema kisa ni kizuri, ila juzi mwanamke huyo alikuwa wa Njombe.

"Juzi lini? Sijawahi kukisimulia!"

"Basi nimeota," alisema Bupe, na midomo yake ikatetemeka kama ya mtu anayezuia kicheko.

Ijumaa Sekela alichoka na ujanja. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila hasira na bila dalili ya kuondoka. Aliweka vikombe viwili vya chai mezani, akakaa mbele ya msaidizi wake.

"Bupe, hivi wewe huna hamu ya kujua?"

Bupe aliweka wembe chini. Alivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Dokta, wewe huwezi kuficha hata keki ya kipaimara. Wiki nzima unanitazama kama kondoo anayepelekwa sokoni." Akavuta pumzi. "Nilijua tangu Jumatatu. Ukurasa wa pili niliusoma kabla yako."

"Jumatatu!" alisema Sekela.

"Nilikuogopea wewe," Bupe alisema. "Nilifikiri nikikwambia nitakuwa nimevunja Ahadi, na vipande vitachomwa vyote. Miaka mitatu ya kazi. Wale wanawake wote. Nikasema ninyamaze, Dokta asione. Halafu Jumanne nimerudi kutoka kwa fundi nikakukuta umekaa na ukurasa uleule, macho mekundu, unaniuliza gauni lina mikono mirefu au mifupi."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka ni Bupe. Sekela akafuata, na mlinzi getini alisikia lakini safari hii hakujisumbua kuja. Walicheka hadi kicheko cha Bupe kikageuka, akainamia meza, na Sekela akazunguka akamkumbatia.

"Mama namkumbuka kwa harufu tu," alisema Bupe. "Sabuni ya mche, ile ya kijani. Hata sura siijui vizuri. Na Jumatatu nilikuwa nimemshika, Dokta. Nilimshika hivi, kwa kibano, namwosha nta, wala sijui kama ni yeye."

Wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha Bupe alijifuta uso kwa mkono wa koti lake jeupe na kuinua kichwa, na Sekela akaona kwamba tayari anafikiria jambo jingine.

"Mimi nitakunywa vidonge," alisema. "Nitaanza kesho. Lakini wale wanane? Wana mabinti. Wana wajukuu. Wako hapahapa, Kiwira, Masoko, Ikuti. Hakuna hata mmoja atakayeuliza, kwa sababu wote waliambiwa homa ya mapafu kama mimi. Nani atawaambia?"

4

Jumamosi walikwenda wote wawili kwa Bibi Atuganile, na safari hii ni Bupe aliyezungumza. Bibi aliwasikiliza akiwa amekaa barazani, anamenya njegere.

"Kuna mtu aliyekutajia?" alimuuliza Bupe.

"Hakuna. Nilisoma mwenyewe, kwenye damu yangu."

"Basi sichomi." Sekela alishusha pumzi, lakini Bibi alinyoosha kidole. "Usishangilie, Dokta. Ulikuja uwanjani na kwa mfano zako. Kuanzia leo damu ya wafanyakazi isiingie tena kwenye ile mashine, na wewe usiiguse kwa wiki nne. Utakaa mlangoni, upokee miavuli ya watu."

"Wiki nne! Bibi, nina makala ya kuandika!"

"Ziwe tano?"

Sekela akachukua njegere akaanza kumenya.

"Sasa wewe," Bibi alimgeukia Bupe, na sauti ikalainika. "Unataka kusimama mbele za watu uwaambie mama yako alikuwa na nini, ili wanawake waje wapimwe wote, bila kumtafuta yeyote kwa jina. Ni wazo zuri. Lakini hicho unachokijua kimetoka kwenye kipande. Ukikisema, ni kipande kimesema. Nitachoma, na nitalia nikichoma. Ila kama nyumbani kwenu kuna mtu anayejua, akakwambia kwa hiari yake, hayo ni maneno ya nyumba yenu. Ahadi haiingii jikoni kwa watu."

Mtu huyo, kama alikuwepo, alikuwa mmoja tu. Subilaga, mdogo wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea Bupe. Alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi kwenye mteremko wa Masoko. Mchana huo walimkuta amepiga magoti kati ya mistari ya miche, kisu kidogo mkononi, akiunganisha vikonyo vya parachichi la kisasa kwenye mashina ya kienyeji.

"Karibuni, karibuni! Dokta, shika utepe huu, ukate urefu wa kiganja. Bupe, mwanangu, mbona umepungua? Gauni litakupwaya."

Sekela alishika utepe. Alikuwa ameapa njiani kwamba hatatamka neno, na sasa aling'ata ulimi.

Bupe alipiga magoti upande wa pili wa mstari. "Mama, nina swali. Naomba usinifiche. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani?"

Kisu kilisimama.

"Homa ya mapafu."

"Mama."

"Nimesema homa ya mapafu!" Subilaga alichukua mche mwingine, akaukata vibaya, akautupa. "Maswali gani haya wiki mbili kabla ya harusi? Nani amekutia maneno?" Akamtazama Sekela. Sekela alizidi kukata utepe. Alikuwa amekata vipande ishirini ambavyo hakuna aliyevihitaji.

"Hakuna aliyenitia maneno. Nauliza kwa sababu ni mwili wangu nao."

Subilaga alifunga macho. Alipoyafungua yalikuwa na maji.

"Niliapa," alisema polepole. "Alinishika mkono huu. Akasema, Suba, wakijua, mwanangu hataolewa. Ngoja aolewe kwanza, awe na nyumba yake, ndipo umwambie. Nimengoja miaka ishirini na sita. Zimebaki wiki mbili tu, Bupe. Wiki mbili! Kwa nini usingoje nimalize kazi niliyopewa?"

"Nimeshamwambia Gwakisa habari za damu yangu."

"Umemwambia nini?" Subilaga alishika kichwa. "Yesu wangu! Amesemaje?"

"Ameuliza vidonge vinaliwa kabla ya chakula au baada."

Kitu kikapita usoni mwa Subilaga, kama mtu aliyebeba gunia mlima mzima halafu anaambiwa nyumba ilikuwa hii hapa.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Na kama vitaniharibia ladha ya maharage. Anasema siku hiyo atapika yeye."

Subilaga alianza kucheka, akilia hapohapo, machozi yakimdondokea kwenye miche. Na pale magotini, bila kuinuka, akamsimulia Bupe yote: jinsi dada yake Tupokigwe alivyovimba tumbo, jinsi alivyoficha, jinsi alivyokwenda kutoa kipande cha uvimbe wake akiwa amevaa kitenge chake kipya kwa sababu alisema anakwenda kutoa zawadi, na zawadi haitolewi na mtu aliyevaa matambara. Alichukua saa nzima. Alipomaliza alifuta kisu kwa kanga.

"Nimekwambia wewe," alisema. "Sijawaambia watu. Ukitaka kusema mbele za watu, hilo sikukubalii. Dada yangu ni wa kwetu, si wa mkutano."

5

Bupe alifikiri siku sita. Sekela, akiwa ameketi mlangoni na miavuli yake, alimwona akipita huku na huko na hakumuuliza, jambo lililomgharimu zaidi ya kukosa mashine. Ni siri ya Tupokigwe, alijiambia. Lakini maiti haiugui. Wanaougua ni wale waliofichwa. Kisha akakumbuka binti wa Bibi Atuganile na barua ya mistari miwili, na akili yake ikarudi nyuma tena. Kila alipofika upande mmoja, upande wa pili ulimwita kwa haki.

Sherehe ya kumuaga Bupe ilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa. Watu walikuwa mia tatu. Mshereheshaji alipompa bibi harusi kipaza sauti ili awashukuru wazazi, Bupe alisimama, gauni la zambarau likimeremeta, na Sekela akaacha kutafuna.

"Namshukuru mama yangu Subilaga, aliyenilea," alisema Bupe. "Na namshukuru mama yangu aliyenizaa. Ugonjwa wake sitausema. Ni wake, na aliomba ukae nyumbani. Nitasema wa kwangu."

Vijiko vikawekwa mezani.

"Mimi, Bupe, nina upungufu kwenye damu unaoweza kuniletea saratani ya ovari. Sijaugua. Nimeanza vidonge, na kwa miezi sita vinaimaliza hatari hiyo. Mnanijua. Nimecheza na ninyi, nimekula kwenu. Sioni sababu ya kujificha. Pale maabarani Tukuyu tone moja la damu linatosha kujua. Hatuandiki jina, tunaandika namba tu. Mama zangu, dada zangu, njooni. Hata asiyehisi kitu, aje."

Kutoka meza ya upande wa bwana harusi shangazi mmoja alisimama, akachukua mkoba wake, kisha akarudi akachukua na sahani yake ya pilau, akatoka. Mlango ulifunga kwa kishindo. Hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake.

Ndipo Gwakisa, kijana mrefu anayefundisha hisabati ambaye kwa kawaida hakuongea mbele za watu, alisimama akatoa mfukoni pakiti ya vidonge, akamimina maji kwenye glasi, akavuka ukumbi mzima akiwa ameibeba kwa mikono miwili.

"Saa saba na nusu," alisema, bila kipaza sauti. "Umechelewa dakika kumi."

Vigelegele vilivyofuata Sekela hakuwahi kuvisikia tena, hata siku ya harusi yenyewe. Wanawake walipanda juu ya viti. Mshereheshaji alisahau ratiba. Bibi Atuganile, aliyealikwa na kukaa meza ya mbele, alipiga makofi kwa mikono yake mikavu na kumwambia jirani yake kwa sauti, "Halali kabisa. Hakutaja mtu."

Lakini kiti cha Subilaga kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka kimya, kwa mlango wa jikoni.

6

Jumatatu walikuja wanawake kumi na wawili. Jumatano walikuwa mia moja na zaidi, na mstari ulizunguka kiwanda cha zamani mara moja na nusu. Sekela, kwa kuwa adhabu yake haikuwa imekwisha, alipokea miavuli mlangoni na kuipa namba, na wanawake waliomjua kwa jina la Dokta walimcheka, naye akacheka nao. Alijifunza mengi pale kuliko kwenye hadubini. Mmoja alimwambia amekuja kwa sababu bibi yake alikufa na homa ya mapafu, na shangazi yake pia, na dada wa bibi yake pia. "Mapafu gani haya ya kwetu tu?" aliuliza, na Sekela akamshika mkono.

Mpaka wiki ya tatu walikuwa wamepimwa wanawake mia sita na kumi na mmoja. Kumi na tisa walikuwa na Bawabu nusu. Kumi na saba kati yao walipewa vidonge wakarudi nyumbani kulima. Wawili walikutwa mbegu imeshaota; mmoja alifanyiwa upasuaji Mbeya na kurudi akilalamikia chakula cha hospitali. Wa pili, mwalimu wa Ikuti, alikuwa amechelewa. Sekela alikwenda kumtembelea kila Jumapili. Mwalimu huyo aliomba jambo moja, mabinti zake watatu wapelekwe leo, si kesho, na walipelekwa siku hiyohiyo.

Hakuna kipande kilichotajwa, kwa kuwa Chekeche ilikuwa imezuiwa kuyalinganisha matone na vipande. Hakuna aliyejua ni nani na nani walikuwa miongoni mwa wale tisa, na hakuna aliyehitaji kujua.

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu, mvua ikiwa kubwa, Bupe alikuwa kwenye meza ya kutoa damu, akiwa na pete mpya kidoleni. Harusi ilikuwa imefungwa karibu wiki mbili nyuma, na mama yake mdogo alihudhuria, akala, akacheza kidogo, lakini hakuzungumza naye zaidi ya salamu.

Mstari ulikuwa umekwisha. Bupe alianza kufunga sindano alipoona Sekela, pale mlangoni, amesimama ghafla.

Subilaga alikuwa ameingia. Maji yalimtiririka, kwa kuwa alikuja bila mwavuli, na chini ya kanga yake iliyolowa alikuwa amevaa kitenge kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Alipita katikati ya ukumbi akitazama mbele tu, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Shikamoo, Mama," alisema Bupe.

"Marahaba. Choma, nina miche inaningoja."

Bupe alisafisha kidole, akachoma. Tone likatoka, jekundu, la mviringo. Akalipokea kwenye kioo, akachukua kalamu.

"Utakuwa namba mia sita na kumi na mbili."

"Namba ya nini? Andika jina."

"Mama, hapa hatuandiki majina. Ni sheria, ni kwa ajili ya kukulinda—"

"Bupe." Subilaga aliushika mkono wake, kalamu na yote. Aligeuka kuwatazama wanawake waliokuwa wakisubiri miavuli yao, akahakikisha wanasikia, kisha akasema polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto imla:

"Andika: Subilaga. Mdogo wake Tupokigwe."